Sanduku Limejaa, Sketi ya Mtoto Imechanika

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu nakuomba ufanye jambo moja dogo. Inuka, uende chumbani, ufungue kabati au sanduku lako la nguo, nawe uhesabu. Usihesabu nguo za mwenzio wala za watoto. Hesabu zako mwenyewe. Kisha utenge upande mmoja zile ulizozivaa mara moja tu, na upande wa pili zile ambazo hujazigusa tangu mwaka huu uanze. Ukimaliza, rudi tuzungumze.

Sikuombi jambo ambalo mimi mwenyewe sijalifanya. Nimelifanya, na aliyenifanya nilifanye ni mtoto wa darasa la nne.

Sisi tunaishi Misugusugu, katika Mji wa Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo malori yaendayo Zambia na Kongo hunguruma usiku na mchana, na ambapo wengi wetu huamka alfajiri kuwahi mabasi ya kwenda kazini Dar es Salaam. Si mahali pa matajiri. Nyumba nyingi za huku, yetu ikiwamo, zilianza kukaliwa kabla hazijakwisha: chumba kimoja kina dari, kingine kinasubiri, dirisha moja lina kioo, jingine limezibwa kwa mbao. Nayataja haya ili ujue kwamba katika nyumba kama hiyo fedha haipotei bila kuacha tundu linaloonekana.

Ilikuwa mwezi wa Januari, shule zikiwa zimefunguliwa wiki ya pili. Nilirudi kazini jioni nikamkuta binti yangu ameketi mkekani, sketi ya shule ameipakata, anahangaika kuifunga kiunoni kwa pini. Nilipoitazama niliona kwamba mshono wa kiuno ulikuwa umeachia wote, na pini zilizokuwapo tayari zilikuwa tatu.

"Imechanika tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu kabla hatujafunga shule, mama."

"Mbona hukuniambia?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikusikia ukimwambia baba huna fedha."

Ni kweli nilimwambia baba yake hivyo. Lakini siku nilipoyasema maneno hayo, juu ya meza ile ile tuliyoizunguka kulikuwa na kitambaa cha kitenge cha rangi ya samawati, kimekunjwa, kinangoja kupelekwa kwa fundi. Nilikuwa nimekilipia shilingi 30,000 siku mbili kabla. Kilikuwa kitambaa cha sare ya sherehe ya kumuaga mwali mmoja ambaye, naomba uniamini, nilikuwa nimeonana naye mara mbili tu tangu azaliwe.

Shule zetu za msingi za serikali hazitozi ada, na sote twashukuru. Lakini sare ya mtoto ni mzigo wa mzazi. Mzazi huyo ndiye mimi, na nilikuwa nimeutua mzigo huo mabegani mwa mtoto wa miaka tisa na pini zake tatu.

HESABU YA JUMAMOSI

Jumamosi iliyofuata nilifunga mlango wa chumba, nikatoa kila kitu. Nguo za ndani sikuzihesabu. Zilizobaki zilikuwa 63. Kati ya hizo, 14 zilikuwa sare: ya harusi ya binamu, ya kumuaga dada wa mfanyakazi mwenzangu, ya kipaimara cha mtoto wa jirani, ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na za Siku ya Wanawake Duniani, ambazo hushonwa upya kila ifikapo Machi 8 kana kwamba ya mwaka uliopita imeoza. Katika sare hizo 14, nilizokuwa nimezivaa mara moja tu zilikuwa 11.

Nilichukua kalamu. Kila kitambaa kilikuwa kimenigharimu baina ya shilingi 20,000 na 30,000, na kila mshono baina ya 15,000 na 25,000. Nilipojumlisha zote, katika muda wa miaka mitatu, nilipata shilingi 602,000. Sketi na shati la shule, kwa bei niliyouliza Mlandizi wiki ile, ni shilingi 26,000. Basi ndani ya sanduku langu zilikuwa zimelala sare 23 za mtoto wa shule, na chenji ikabaki.

Hapo bado sijazitaja nguo za mitumba. Hizo ndizo zinazotudanganya zaidi, kwani bei yake ni ndogo. Ukipita Karume pale Ilala, au penye meza yoyote ya mitumba kando ya barabara, utasikia vijana wakinadi, "Jero jero! Buku buku!" Nani atakayejinyima blauzi ya shilingi elfu moja? Lakini mtu hanunui moja. Hununua nne, mbili hazimtoshi, moja haina kifungo, na ile ya nne anayo nyingine mfano wake nyumbani. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Gogo la mshahara wangu lilikuwa likibanduliwa hivyo, buku kwa buku, nami nikidhani nabana matumizi.

Wala sijataja vitenge vya mkopo. Unamjua yule dada anayepita nyumba hadi nyumba na begi kubwa. Kitenge ambacho dukani ni shilingi 22,000 kwa fedha taslimu, yeye hukukopesha kwa 30,000, nawe umlipe kwa miezi miwili. Simlaumu, naye anatafuta riziki na anabeba hasara ya wasiolipa. Lakini tufanye hesabu: shilingi 8,000 juu ya 22,000 ni zaidi ya theluthi moja ya bei, kwa miezi miwili tu. Mtu akija kukukopesha fedha taslimu kwa riba ya namna hiyo utamwita mnyonyaji, na utamkimbia kama unavyowakimbia wale wa mikopo tuliyoipa jina la kausha damu. Akija na kitenge, unamkaribisha chai.

SI MAJIVUNO, NI WOGA

Wako watakaosema kwamba wanawake wanapenda makuu. Msemo huo ni wa zamani nao haufafanui lolote. Kwanza akina baba wasicheke. Wahesabu jezi walizonazo za Simba na Yanga, kwani kila msimu hutoka mpya na kila msimu ya zamani huonekana haifai hata kuendea dukani. Wahesabu na raba.

Pili, nilipoiuliza nafsi yangu kwa nini nilikuwa nimezinunua sare zile 14, sikupata hata moja niliyoinunua kwa sababu niliipenda. Nilizinunua kwa kuogopa. Niliogopa kuonekana sina. Niliogopa kwamba siku yangu ikifika, ya msiba au ya furaha, wale ambao sikuvaa sare zao nao hawatakuja kwangu.

Tazama jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mtu huunda kundi katika simu, akakuingiza bila ya kukuuliza. Baada ya siku mbili picha ya kitambaa inarushwa, na bei chini yake. Kisha huanza orodha: fulani amelipa, fulani amelipa, fulani bado. Jina lako likibaki peke yake mbele ya neno "bado", machoni pa watu 80, utakopa ulipe. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo zikafuata, fedha haihitaji hata kutolewa mkobani ikahesabiwa. Inaondoka kwa kubonyeza, na kinachoondoka bila kuonekana hakiumi mpaka mwisho wa mwezi. Tena mara nyingine bei ya kundi huzidi bei ya dukani, na ile tofauti huingia katika gharama za sherehe. Kwa hiyo sare yenyewe ni mchango wa pili uliovikwa nguo.

Basi ugonjwa wetu si kupenda nguo, ni kuogopa macho ya watu. Na dawa ya mtu mmoja mmoja haiwezi kuuponya, kama nitakavyokueleza.

Mwezi wa Machi nilijitia ushujaa. Nilikataa sare ya sherehe moja ya hapa hapa kwetu, nikaenda nimevaa gauni langu la zamani lililo safi na lililopigwa pasi. Mlangoni nilielekezwa viti vya nyuma. "Wenye sare mbele, dada," aliniambia kijana mmoja kwa adabu kabisa. Niliketi nyuma, karibu na masufuria, nikitazama migongo ya wenzangu ya rangi ya zambarau. Ndugu msomaji, nisikufiche, iliniuma. Niliporudi nyumbani nilikuwa tayari kumtafuta yule dada wa begi.

ALIYOYASEMA BIBI

Aliyenizuia ni bibi mmoja jirani yetu, Mzaramo wa huku huku Pwani, ambaye naye alikuwa ameketishwa nyuma lakini hakuonekana kujali. Alikuwa amevaa doti ya kanga iliyopauka. Nilipomwamkia shikamoo aliniitikia, akanitazama usoni, akaniuliza kama nina msiba. Nikamweleza.

Bibi huyu alikuwa mama kijana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanaoukumbuka wakati ule wanajua jinsi nguo zilivyokuwa adimu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, viwanda vikakosa vipuri, na kanga ikawa kitu cha kupangia foleni katika duka la ushirika, kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1983 ndio ulikuwa wa msako mkubwa wa walanguzi. "Tulikuwa na doti mbili mjukuu wangu," alisema bibi, "ya kushinda na ya kutokea. Msizitamani siku zile. Mwenzangu mmoja alikosa kwenda mazikoni kwa sababu kanga yake ilikuwa bado mbichi kambani, na jua halikutoka."

Nilimwuliza sasa anatuonaje sisi.

"Sisi tulikosa nguo kwa kuwa hazikuwapo," akasema. "Nyinyi mnazo, na mtoto wako kafunga sketi kwa pini."

Kumbe habari ile ilikuwa imekwisha mfikia. Mitaa yetu haina siri.

Kila asubuhi basi huniteremsha, nikapanda jingine linalopita mbele ya Kiwanda cha Nguo cha Urafiki pale Ubungo, kando ya barabara hii hii ya Morogoro inayopita mbele ya nyumba yetu. Kiwanda hicho kilijengwa kwa msaada wa China na kikafunguliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, ili pamba yetu ivae watu wetu. Kizazi cha bibi kilivaa kanga na vitenge vyake. Kisha vikaja vipindi vibaya nilivyovitaja. Bajeti ya mwaka 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na kwa mlango huo nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani zikaanza kumiminika. Watu wa wakati ule walizipa jina la "kafa Ulaya", wakiamini kwamba mzungu haachi koti zima hivi hivi ila amekufa.

Leo tunajua kwamba mwenye koti hakufa. Amelivaa mara chache, akalichoka, akanunua jingine. Maradhi yetu yeye alitutangulia kuyapata, na sisi hupokea kwa marobota kile anachokitapika. Tena nguo zenyewe zinashonwa kwa haraka na kwa bei ya chini mno, na gharama hiyo kuna anayeilipa: Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya kushonea nguo huko Bangladesh liliporomoka, wakafa zaidi ya watu 1,100.

Serikali zetu zilijaribu kuufunga mlango. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba katika muda wa miaka mitatu nguo na viatu vya mitumba viondoshwe sokoni. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa bidhaa hizo nchini Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzitoa nchi zetu katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu kuingia huko bila ushuru. Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika mpango huo. Nayakumbusha haya kwa sababu moja: tusingoje mtu atupunguzie nguo kutoka juu. Mlango ambao marais walishindwa kuufunga, kila nyumba inaweza kuufunga wenyewe kwa upande wake.

Wala nisieleweke kwamba napendekeza watu waamriwe cha kuvaa. Hilo nalo lilikwisha jaribiwa. Kuanzia Januari 1969, katika Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipita mitaani Dar es Salaam ukipiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, na wako wasichana walioaibishwa hadharani kwa jambo hilo. Aibu haijengi nyumba. Mimi nazungumza juu ya mfuko, si juu ya urefu wa sketi.

KIKUNDINI

Nilikwisha kusema kwamba dawa ya mtu mmoja haiponyi. Anayekataa sare peke yake huketishwa nyuma. Wakikataa wote, hakuna wa nyuma wala wa mbele. Kwa hiyo nililipeleka jambo hili katika kikundi chetu cha akina mama, ambacho hukutana kila mwezi chini ya mwembe. Nilikwenda na ile karatasi yangu ya hesabu. Nikaisoma yote, pamoja na habari ya pini.

Kulikuwa na ukimya, kisha mama mmoja akasema kwamba yeye anazo sare 19. Mwingine akasema yeye hajawahi kuhesabu na wala hatahesabu, maana anaogopa. Tulicheka, lakini tulicheka kidogo.

Aliyepinga alikuwa fundi wetu wa cherehani, mwanakikundi mwenzetu. Nayaandika maneno yake kwa sababu ni ya haki. Alisema: "Jamani, nyinyi mnapunguza matumizi, mimi mnanipunguzia riziki. Sare 30 ndizo zilizonilipia kodi ya chumba mwaka jana. Mkiacha kushona, nami nifanye nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la upesi. Tulizungumza mpaka jua likazama. Mwishoni tulipatana hivi. Sherehe za wanakikundi zitakuwa na rangi badala ya sare. Mwenye shughuli atataja rangi, na kila mtu atatafuta katika sanduku lake kanga, kitenge au gauni la rangi hiyo au iliyo jirani nayo, na asiyekuwa nayo ataazima kwa mwenzake. Sare moja ya kikundi itabaki, nayo itakaa miaka mitatu. Katika kila shughuli, badala ya kitambaa, kila mmoja ataweka shilingi 10,000 katika sanduku la pamoja, nazo zitatolewa kila Desemba kushonea sare za shule za watoto wetu. Zitashonwa na fundi wetu huyo huyo, hali kadhalika marekebisho ya nguo zetu za zamani yatapelekwa kwake.

Sitakudanganya kwamba fundi alifurahi. Alikubali. Aliniambia baadaye, tukiwa njiani, kwamba kutia kiraka na kubadili zipu hakulipi kama kushona gauni jipya, na kwamba atanikumbusha maneno yangu Desemba ikifika. Ni haki yake, nami nimeyaandika katika daftari ili nisisahau.

YA KUFANYA NYUMBANI

Ukiacha kikundi, yako mambo ambayo kila mmoja anaweza kuyaanza kwake kuanzia kesho. Haya ndiyo yaliyonifaa mimi.

Kwanza, hesabu. Mtu hawezi kupunguza asichokijua. Andika idadi, uibandike ndani ya mlango wa kabati.

Pili, weka daftari la matumizi kwa mwezi mmoja, na uandike kila shilingi ya nguo, viatu, nywele na mikoba, ikiwamo ile iliyolipwa kwa simu. Usijilaumu unapoandika. Andika tu. Mwisho wa mwezi daftari litasema lenyewe.

Tatu, unapotaka kununua usiulize bei peke yake. Uliza utaivaa mara ngapi, kisha gawanya. Gauni la shilingi 45,000 linalovaliwa siku moja limekugharimu shilingi 45,000 kwa siku hiyo. Doti ya kanga ya shilingi 14,000 ukiitumia siku 300 haikugharimu hata shilingi 50 kwa siku. Tena itakuwa imebeba mtoto, imefunika mgonjwa, imetandikwa kitandani, na ikichakaa kabisa itadekia sakafu. Mama zetu hawakuwa wajinga walipoipenda kanga.

Nne, ngoja siku saba. Kitu ulichokitamani Jumapili, kama bado unakitamani Jumapili inayofuata, huenda kweli unakihitaji. Mimi katika vitu kumi husahau saba.

Tano, nguo usiikope. Chakula cha mgonjwa hukopwa, nauli ya msibani hukopwa. Nguo ya sherehe haina dharura. Mtu hujikuna ajipatapo.

Sita, kabla ya kununua mpya, mpelekee fundi ya zamani. Gauni lililobana hutolewa mishono, refu hupunguzwa, na sare mbili za vitenge huzaa sketi, blauzi na foronya. Katika zangu 14, tisa zimekwisha kupata kazi nyingine. Kile kitambaa cha samawati sikukishona sare. Sasa ni mapazia ya chumba cha watoto.

Saba, waambie watoto ukweli wa fedha. Usiseme "sina" huku kitenge kipo mezani. Sema "ninazo kidogo, nimezipangia hiki." Mtoto anayesikia "sina" kila siku, hatimaye huacha kuomba hata anachostahili, na hilo, ndugu msomaji, ndilo lililoniumiza kuliko fedha yote.

Usidhani nimekwisha kuwa malaika. Mwezi uliopita nilipita Karume kwa shughuli nyingine kabisa, nikarudi na gauni la shilingi 8,000 ambalo sikulihitaji. Mume wangu alilitazama, akaitazama ile karatasi ya mlango wa kabati, asiseme neno. Nilichukua kalamu nikaandika 55, kwani nyingine nilikwisha kuwagawia ndugu na kuzigeuza matumizi. Tabia iliyojengeka kwa miaka kumi haivunjwi kwa miezi michache. Lakini ninaandika, na nikiandika naona haya kidogo, na haya kidogo ni kinga.

Binti yangu alipata sketi mbili mpya wiki ile ile ya Januari. Siku ya kwanza alipozivaa alijigeuza mbele ya kioo, kisha akaziweka zile pini tatu katika kopo lake la kalamu. Nilimwuliza anazitakia nini, akasema, "Huenda zikahitajika." Zimo mpaka leo. Nimeahidi nafsi yangu kwamba hazitahitajika.

Sasa nangoja barua yako. Niambie umekuta nguo ngapi, na niambie kama katika mtaa wenu au kijiji chenu mmepata njia iliyo bora kuliko yetu ya chini ya mwembe. Nitazisoma zote, na zile zitakazowafaa wengine tutazungumza juu yake hapa hapa. Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutaitazama ile ndugu yake sare, yaani michango ya harusi.